Matunzo ya Dharura kwa Mwenzi wa Ndoa Mkoani Mwanza: Kutoka Maombi ya Kwanza Hadi Kukazia Amri ya Mahakama

Mke ambaye mume wake ameondoka kwenda kambi ya uvuvi, akaacha kutuma fedha ya matumizi na hatimaye akawa hapokei simu, halazimiki kudai talaka ndipo apate matunzo. Watu wengi wa Mwanza na visiwani hawalijui jambo hili. Mama huzungushwa kwa wazee wa ukoo, kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa viongozi wa dini, akiambiwa kila mahali kwamba mahakama haiwezi kumsaidia mpaka ndoa ivunjwe, na huku deni la duka linakua na mwenye nyumba anadai kodi yake. Sheria haisemi hivyo. Inaruhusu maombi ya matunzo ndoa ikiwa bado hai, na inaruhusu pia amri ya muda itolewe shauri kubwa likiwa linaendelea.

Jambo la pili linahusu kinachofuata baada ya ushindi. Amri ya matunzo haijilipi yenyewe. Wapo walioshinda mahakamani, wakakunja nakala ya hukumu na kuiweka kabatini, na hawajawahi kupokea hata shilingi moja. Mara nyingi kosa lilianza siku ya kwanza: ombi liliandikwa kwa maneno mapana, kipato cha mume hakikuonyeshwa, na amri iliyotoka haikutaja kiasi, tarehe wala njia ya malipo. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unasisitiza kwamba kila karatasi unayoiandaa mwanzoni iandaliwe kwa kufikiria siku ya kukazia amri, yaani siku ya kuiomba mahakama imlazimishe mdaiwa kuitekeleza.

Sheria inampa nani haki hii

Msingi ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo sasa ni Sura ya 29 ya Sheria za Tanzania. Kifungu cha 63 kinamwekea mume wajibu wa kumtunza mke au wake zake kwa kuwapatia malazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake na hali yake ya maisha. Kifungu hicho hicho kinamwekea mke mwenye uwezo wajibu wa kumtunza mume ambaye maradhi ya mwili au ya akili yamemzuia, kabisa au kwa sehemu, kujipatia riziki. Kwa hiyo mvuvi aliyepata kiharusi, ambaye mke wake ana duka kubwa la vifaa Kirumba au Igoma, naye anaweza kuomba.

Kifungu cha 115 ndicho kinachoipa mahakama mamlaka ya kuamuru malipo. Inaweza kufanya hivyo mume anapokataa au kupuuza kumtunza mke, anapomtelekeza na kwa muda wote wa kumtelekeza, wakati shauri lolote la ndoa likiwa linaendelea, na wakati wa kutoa amri ya kutengana au talaka au baadaye. Ombi la dharura husimama juu ya mojawapo ya sababu tatu za mwanzo, nawe utaje wazi ni ipi.

Kifungu cha 116 kinaeleza namna ya kupanga kiasi. Mahakama huangalia hasa uwezo wa wanaohusika na mahitaji yao, lakini huzingatia pia ni nani alichangia zaidi kuvunjika kwa ndoa pamoja na desturi za jamii yao. Jiandae kwa hili, kwa maana mume anayedaiwa matunzo huja mara nyingi na tuhuma za mwenendo, akitumaini kupunguziwa kiasi au kufutiwa kabisa. Usizijibu kwa matusi. Zijibu kwa shahidi mmoja au wawili wanaojua mlivyoishi.

Kwa ndoa iliyofungwa Kiislamu, matunzo ya mke baada ya talaka hayavuki kipindi cha edda, yaani muda wa mke kusubiri kabla ya kuweza kuolewa tena, isipokuwa mahakama ione sababu maalumu. Mpaka huu unahusu kipindi cha baada ya talaka tu. Ndoa ikiwa bado ipo, wajibu wa mume uko palepale.

Na walioishi pamoja bila cheti? Kifungu cha 160 kinatoa dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi katika mazingira ambayo jamii iliwatambua kama mume na mke. Hata dhana hiyo ikipinduliwa, kwa mfano ikionekana kwamba mwanamume alikuwa na ndoa ya mke mmoja kwingine, mahakama bado ina mamlaka ya kutoa amri ya matunzo kwa mwanamke huyo na watoto wake. Usikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa hukuolewa kanisani, msikitini au bomani huna la kudai.

Matunzo ya watoto ni dai lenye msingi wake, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 pamoja na Sheria ya Ndoa. Yatenganishe na ya kwako katika hesabu, kwa sababu haki ya mtoto haitegemei mwenendo wa mama wala hali ya ndoa. Nimeona hesabu iliyochanganywa ikipunguzwa yote kwa pamoja, mtoto akapoteza kwa ugomvi usio wake.

Hatua ya kwanza: baraza au mahakama?

Anayetaka talaka anatakiwa na kifungu cha 101 kupeleka mgogoro kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na kupata hati inayoonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria. Sharti hilo limewekwa kwa maombi ya talaka. Anayeomba matunzo peke yake halazimiki kusubiri hati hiyo.

Hata hivyo, kwenda barazani au kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri kuna faida yake. Mume anaweza kukubali kulipa bila shauri, na asipokubali, kumbukumbu za vikao zinaonyesha kwamba uliomba kwa njia ya amani naye akapuuza. Tahadhari yangu ni moja. Makubaliano yaliyosainiwa mbele ya baraza au ya Ustawi wa Jamii hayana nguvu ya kukamata mshahara wala mali. Nguvu hiyo ni ya mahakama. Mkikubaliana, ombeni mahakama iyasajili kuwa amri. Na ikiwa wiki mbili au tatu zimepita na mwenzako hafiki kwenye wito wa baraza, usiendelee kungoja. Fungua maombi ya matunzo, na usuluhishi uendelee sambamba ikibidi.

Palipo na kipigo au vitisho, anza na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, pata PF3, ambayo ni fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na matibabu, kisha ndipo uendelee na karatasi. Katika maombi yako unaweza pia kuomba zuio la kusumbuliwa.

Hatua ya pili: kukusanya ushahidi wa mahitaji na wa uwezo

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Andaa mafungu mawili ya karatasi na usiyachanganye.

Fungu la kwanza ni la mahitaji. Andika hesabu ya mwezi mmoja, kila kitu kwenye mstari wake. Kwa mfano: kodi ya chumba Sh 50,000, chakula Sh 6,000 kwa siku, ambayo ni Sh 180,000 kwa mwezi, mkaa na maji Sh 40,000, dawa za shinikizo la damu Sh 20,000, jumla Sh 290,000. Chini yake andika unachopata mwenyewe, tuseme Sh 90,000 kwa kuuza mboga, halafu tofauti ya Sh 200,000 ambayo ndiyo unayoiomba. Hesabu inayoonyesha kipato chako mwenyewe huaminika kuliko inayodai kwamba huna kitu chochote, na upande wa pili ukija kueleza kwamba unauza mboga, hakimu atakuwa ameshasikia kutoka kwako. Ambatanisha mkataba wa pango au barua ya mwenye nyumba, kadi ya kliniki, risiti za dawa, na ukurasa wa daftari la duka unakokopa. Daftari hilo, lenye tarehe na jina lako na kiasi kilichokopwa siku baada ya siku tangu fedha ya matumizi ilipokatika, ni ushahidi mzuri wa dharura, na mwenye duka anaweza kuitwa shahidi.

Fungu la pili ni la uwezo wa mwenzako. Kwa mtumishi wa umma au wa kampuni kazi ni rahisi: hati ya mshahara, barua ya ajira, jina la mwajiri na kituo chake cha kazi. Kama huna hati hizo, taja mwajiri kwenye kiapo chako na uombe mahakama imwamuru alete taarifa za mshahara.

Kwa mvuvi au mfanyabiashara wa samaki inahitajika akili ya ziada, kwa sababu mahakamani atasema kwamba ziwa limekauka na hapati kitu. Anza na chombo. Chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 chombo cha uvuvi husajiliwa na kupewa leseni, na mvuvi naye huwa na leseni yake, kwa hiyo ofisi ya uvuvi ya halmashauri ina kumbukumbu. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo husika, yaani cha mahali mitumbwi inapotia nanga, ambacho wengi wanakijua kwa herufi BMU (Beach Management Unit), kinajua nani anamiliki mtumbwi gani na nani ni kibarua tu. Andika namba ya chombo, aina ya injini, na mwalo unakotia nanga. Eleza pia kama mume ni tajiri mwenye mtumbwi au ni mvuvi anayepewa mgao, kwa kuwa tofauti hiyo hubadilisha hesabu yote.

Kisha onyesha mtiririko wa fedha. Taarifa ya miamala ya simu yako ya miezi sita au kumi na miwili iliyopita, unayoweza kuiomba kwa kampuni ya simu, itaonyesha alikuwa akituma kiasi gani na alikoma lini. Mtu aliyekuwa akituma Sh 250,000 kila mwezi kwa mwaka mzima hawezi kueleza kirahisi kwamba uwezo wake ni Sh 30,000. Kwa mvuvi wa dagaa, kumbuka kwamba kazi hufanyika usiku wa giza kwa taa, na siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika. Malipo yake kwa hiyo huja kwa mafungu. Eleza hivyo kwenye kiapo na uonyeshe jumla ya mwezi mzima badala ya siku moja nzuri, ili asipate nafasi ya kusema kwamba umedanganya. Mtaje pia anayemuuzia, awe mchuuzi wa Mwaloni Kirumba au wakala anayenunua sangara kwa ajili ya kiwanda, kwa sababu mtu huyo atakuwa na umuhimu mkubwa wakati wa kukazia amri.

Jumbe za simu zenye ahadi au vitisho zichapishwe, na simu yenyewe itunzwe bila kufuta kitu. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya utambulisho ya mtaa au kijiji vikamilishe faili.

Hatua ya tatu: kuchagua mahakama

Kifungu cha 76 kinazipa Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu mamlaka sawa ya kusikiliza mashauri ya ndoa. Uchaguzi ni wako, na una matokeo yake.

Mahakama ya Mwanzo ipo karibu, taratibu zake ni nyepesi, na karani humsaidia asiyejua kuandika dai. Kwa mkazi wa kijiji cha mbali Kwimba, Misungwi au Buchosa, nauli peke yake inatosha kuamua. Mahakama ya Wilaya inafaa pale mume ana mali nyingi, kuna hatari ya kuziuza, au utahitaji njia nzito za kukazia amri. Aliye kisiwani Ukara au Irugwa akumbuke kwamba Mahakama ya Wilaya ya Ukerewe iko Nansio, na kila kuahirishwa kwa shauri ni safari nyingine ya majini. Aombe mahakamani tarehe zizingatie ratiba ya usafiri. Mjini, Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kimekusanya ngazi mbalimbali za mahakama mahali pamoja, na dawati la huduma kwa wateja huelekeza jalada liende wapi.

Asiye na uwezo wa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na watoa msaada waliosajiliwa, na Mwanza ni makao ya shirika la Kivulini, ambalo kwa miaka mingi limefanya kazi ya haki za wanawake Kanda ya Ziwa. Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza kwa mtoa msaada aliye karibu. Ada za kufungua shauri hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali. Usimkabidhi mtu fedha mkononi, na dai stakabadhi. Huwezi kulipa? Muulize karani utaratibu wa kuomba msamaha wa ada kabla hujaondoka.

Hatua ya nne: kuandika ombi linaloweza kukaziwa

Katika Mahakama ya Wilaya ombi la amri ya muda huambatana na kiapo chako, na pale hali haiwezi kusubiri huwekwa pia hati ya dharura inayoeleza kwa nini shauri lipewe tarehe ya karibu. Dharura ielezwe kwa mambo yanayoonekana: mwenye nyumba ametoa notisi ya kutoka tarehe fulani, dawa zimekwisha, mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule. Kuandika tu kwamba unateseka hakumpi hakimu kitu cha kushika.

Kwenye kiapo eleza kwa mpangilio mlifunga ndoa lini na wapi, mliishi wapi, mume aliondoka au alikoma kutoa matumizi lini, ulichukua hatua gani, mahitaji yako ni yapi na uwezo wake ni upi. Andika unayoyajua mwenyewe, na uliyoambiwa taja uliambiwa na nani.

Sehemu ya maombi yenyewe ndiyo itakayogeuka kuwa amri, kwa hiyo iandike kama unavyotaka isomeke mikononi mwa dalali wa mahakama, yule anayekamata mali kwa kibali cha mahakama. Mfano wa maneno unaoweza kuurekebisha ni huu:

*“Mjibu maombi aamriwe kumlipa mwombaji Sh 200,000 kila mwezi kwa ajili ya matunzo yake, na Sh 120,000 kila mwezi kwa ajili ya matunzo ya watoto wawili, kuanzia mwezi wa kufunguliwa kwa maombi haya, kabla au ifikapo tarehe 5 ya kila mwezi, kwa kutuma katika namba ya simu ya mwombaji iliyotajwa kwenye kiapo, mpaka shauri hili litakapoamuliwa au mahakama itakapoamuru vinginevyo. Malimbikizo ya kodi ya pango ya miezi mitatu, jumla Sh 150,000, yalipwe ndani ya siku 14.”*

Linganisha na ombi linalosema “mjibu maombi aamriwe kutoa matunzo stahiki”. La pili linaweza kukubaliwa lote, na bado hakuna mtu atakayeweza kulikazia, kwa kuwa kila upande utakuwa na maana yake ya neno “stahiki”.

Ukihofia kwamba mume atauza mtumbwi, pikipiki au kiwanja ili aje akiwa mikono mitupu, omba katika jalada hilo hilo zuio la kuhamisha mali hizo, ukizitaja moja moja kwa namba zake. Nyumba ya familia ina ulinzi wake chini ya kifungu cha 59: haiwezi kuuzwa, kuwekwa rehani wala kutolewa zawadi bila ridhaa ya mwenzi mwingine, nawe unaweza kuweka zuio kwenye ofisi ya ardhi. Waweza pia kuomba mume aweke dhamana ya malipo ya baadaye. Sheria inairuhusu mahakama kuamuru hivyo.

Hatua ya tano: kumfikishia wito

Mashauri mengi ya kando ya ziwa hukwama hapa. Mume anahama kutoka mwalo mmoja hadi mwingine kufuata samaki, na mpeleka wito anarudi na karatasi ambayo haijasainiwa. Ipe mahakama maelezo kamili: jina analojulikana nalo kambini pamoja na jina la kwenye cheti, mwalo, kisiwa, jina la mwenye chombo, namba za simu, na siku ambazo huwa nchi kavu. Wavuvi wa dagaa hupatikana kwa urahisi zaidi kipindi cha mbalamwezi. Mwenyekiti wa kijiji, wa mtaa au wa kitongoji husaidia kumtambua mtu na kuthibitisha kwamba alikataa kupokea.

Juhudi zikishindikana, omba wito upelekwe kwa njia mbadala, kama kubandikwa kwenye makazi yake ya mwisho au kutangazwa gazetini. Akiwa amepata wito kwa namna inayokubalika na asitokee, mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja. Hakikisha jalada lina uthibitisho wa wito, kwa sababu amri ya upande mmoja isiyo na uthibitisho huo hutenguliwa kirahisi mume akijitokeza.

Hatua ya sita: siku ya kusikilizwa, na kabla hujatoka mahakamani

Fika mapema, ukiwa na nakala halisi na vivuli. Jibu ulichoulizwa. Ombi la muda si mahali pa kumaliza historia yote ya ndoa. Hakimu anataka kujua kama kuna ndoa au dhana yake, kama kuna kupuuzwa, unahitaji kiasi gani na mwenzako anaweza kiasi gani. Mume akitoa ahadi mbele ya hakimu, omba iandikwe kwenye mwenendo wa shauri na itolewe kama amri.

Amri ikisomwa, sikiliza mambo matano: kiasi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kulipa, njia ya kulipa na muda wa amri. Likikosekana moja, simama kwa heshima na uombe liongezwe papo hapo. “Mheshimiwa, naomba mahakama itaje tarehe ya malipo” ni sentensi fupi ambayo huokoa miezi ya ubishi. Kisha omba nakala iliyothibitishwa kwa mhuri. Ombi la nakala liwe la maandishi, na baki na nakala yake iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Kuanzia siku hiyo tunza daftari la malipo: tarehe iliyopaswa, tarehe aliyolipa, kiasi, kumbukumbu ya muamala, na salio linalodaiwa. Mwombe mume alipe kwa simu au benki badala ya kumpa ndugu fedha taslimu, kwa kuwa fedha taslimu huzaa ubishi kwa pande zote mbili.

Hatua ya saba: kukazia amri

Tarehe ikipita bila malipo, usingoje malimbikizo yafike mwaka. Mkumbushe kwa ujumbe wa maandishi mara moja, ukimpa siku saba, halafu rudi masijala na ufungue maombi ya kukazia hukumu katika mahakama iliyotoa amri. Utaandika namba ya shauri, tarehe ya amri, kiasi kilichoamriwa, kilicholipwa, kinachodaiwa, na njia unayotaka itumike. Daftari lako na nakala ya amri ndiyo viambatanisho. Kuchagua njia ya kukazia kunahitaji busara kuliko hasira.

Kwa mwajiriwa, omba amri ielekezwe kwa mwajiri akate sehemu ya mshahara na kukulipa moja kwa moja. Hii ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu haikulazimishi kurudi mahakamani kila mwezi. Sheria huacha sehemu ya mshahara isiguswe, kwa hiyo usishangae makato yakiwa madogo kuliko ulivyotaraji.

Kwa mvuvi au mchuuzi, watu wengi hukimbilia kukamata mtumbwi, injini na nyavu. Fikiri kwanza. Kwanza, mdaiwa anaweza kupinga kwa hoja kwamba vifaa vya kazi vinalindwa na sheria. Pili, mara nyingi ndugu hujitokeza na pingamizi kwamba chombo ni chake, na hapo ndipo kumbukumbu za leseni na usajili ulizokusanya mwanzoni zinapokufaa. Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, injini ikiuzwa mnadani kwa bei ya kutupa utalipwa malimbikizo ya miezi michache, kisha mwanamume hana tena chanzo cha kukulipa mwezi unaofuata. Njia ninayoipendelea ni kukamata fedha zilizoko mikononi mwa mtu wa tatu: mnunuzi anayechukua samaki wake na kumlipa kila mwisho wa giza, wakala, tajiri wa mtumbwi anayetoa mgao, au benki yenye akaunti yake. Mahakama inaweza kumzuia mtu huyo asimlipe mdaiwa na kumtaka azilete fedha hizo mahakamani. Ng'ombe, pikipiki ya ziada, shamba au kiwanja kisichojengwa vinafaa kukamatwa kabla ya injini inayoleta riziki.

Nguo, vyombo vya kupikia na matandiko havikamatwi, na nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake nayo ina kinga chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Ukamataji hufanywa na dalali wa mahakama aliyeteuliwa kwa kibali cha mahakama. Usiende mwenyewe mwaloni na vijana kuchukua mali, utajigeuza mshtakiwa.

Njia ya mwisho ni kuomba mdaiwa aitwe kujieleza kwa nini asiwekwe gerezani kama mfungwa wa madai. Njia hii hutumika Mahakama ya Wilaya na za juu yake, na ina masharti: mahakama itataka kuridhika kwamba ana uwezo, au alikuwa nao tangu amri itolewe, na amekataa au anaficha mali au anataka kutoroka. Fukara wa kweli hafungwi kwa deni. Anayekazia ndiye hulipia gharama za chakula cha mfungwa huyo, kifungo hakizidi miezi sita, na akitoka deni halifutiki ingawa hawezi kufungwa tena kwa deni hilo hilo. Kwa uzoefu wa wengi, thamani yake iko kwenye wito wa kujieleza wenyewe: fedha ambazo hazikuwepo kwa mwaka mzima hupatikana asubuhi ya siku ya kusikilizwa. Zikipatikana, zilipwe mbele ya karani na stakabadhi itolewe.

Ikiwa mume amehamia Geita, Kagera au Mara, omba mahakama yako ipeleke hukumu ikakaziwe na mahakama ya huko aliko yeye au mali yake. Ambatanisha anwani kamili na orodha ya mali, maana mahakama inayopokea haina namna ya kuzijua.

Hali ikibadilika

Amri ya matunzo hubadilishwa kukiwa na mabadiliko makubwa ya hali, au ikigundulika kwamba ilitokana na maelezo ya uongo. Mke aliyepata ajira, mume aliyeumia, mtoto aliyeanza sekondari, kufungwa kwa uvuvi kwa muda kwa amri ya Serikali: yote haya ni sababu za kurudi mahakamani. Anayelipa asijipunguzie mwenyewe kiasi kwa kuwa msimu ni mbaya. Mpaka amri mpya itoke, tofauti yote inaendelea kuhesabiwa kuwa deni. Anayepokea naye, akiolewa na mtu mwingine baada ya talaka, haki yake ya matunzo kutoka kwa mume wa zamani hukoma, ila ya watoto inabaki.

Asiyeridhika na uamuzi ana haki ya rufaa ndani ya muda uliowekwa, nao ni mfupi na hutegemea mahakama iliyotoa uamuzi. Muulize karani siku hiyo hiyo tarehe ya mwisho na uiandike juu ya nakala ya hukumu. Kukata rufaa peke yake hakusimamishi malipo. Mume anayetaka yasimame lazima aombe amri ya kusimamisha ukazaji na aipate, na mpaka akuonyeshe karatasi hiyo yenye mhuri, wewe endelea na maombi yako ya kukazia kwa kila mwezi ambao haukulipwa.